Kusi imeanza: nije pua upande au nilaze bawa?

Kinda la Angani: Habari za jioni wakuu. Najifunza urubani kwa Cessna 172, na mara nyingi tunatua Zanzibar, njia ya 18 (yaani inayoelekea nyuzi 180, kusini). Msimu huu kusi inatupiga ubavu wa kushoto. Mwalimu mmoja anataka nije na pua imeelekea upepo hadi juu ya lami, ndipo niinyooshe. Mwingine anataka nilaze bawa la kushoto mapema, nikanyage pedali ya kulia, nishuke hivyo hivyo. Nimfuate yupi?

Mzee wa Pwani: Wote wawili mdogo wangu, hawapingani hao. Ukiwa mbali njoo pua kwenye upepo, mabawa sawa. Ukishakaribia, tuseme futi 200, kanyaga pedali ya kulia pua ilingane na mstari wa kati, na papo hapo laza bawa la kushoto, maana usipolilaza upepo unakuhamishia majanini. Miguu inashughulika na pua, mkono unakuweka katikati. Ukizichanganya kazi hizo utacheza ngoma huko juu. Gurudumu la kushoto liguse kwanza, la kulia lifuate, la pua mwisho.

Bint Shangani: Kungoja hadi juu ya lami ni mambo ya madege makubwa, yenye injini chini ya mabawa. Wakilaza sana watakwangua lami. Nyie bawa lenu liko juu, mna hofu gani?

Kinda la Angani: Asanteni. Na kitabu cha ndege kinaposema upepo wa ubavuni noti 15 (maili za baharini kwa saa), ndiyo mwisho?

Mzee wa Pwani: Huo ni upepo waliojaribu nao watengenezaji. Mwisho wako anaupanga mwalimu, na kwa mwanafunzi huwa chini ya hapo. Halafu usitazame kasi tu, tazama pembe. Mnara wa kuongoza ndege ukikwambia upepo unatoka nyuzi 150 kwa noti 14, kwa njia ya 18 hiyo ni pembe ya nyuzi 30, ubavuni zinakupata noti 7. Upepo huo huo ukihamia 120, tayari ni 12.

Fundi Usukani: Naongezea: mkishagusa msiachie usukani! Uendelee kuelekea upepo, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyouzungusha zaidi, hadi ugote. Na kama pedali imefika mwisho ungali hewani na pua bado haijanyooka, usibishane nayo. Ipe injini nguvu zote, panda, ukajaribu upya. Upepo ukikataa kabisa, Dar si mbali, na kule kuna njia ya 14 inayoitazama kusi usoni.