Frikwensi za chumba cha kurekodia: grafu haina bonde

Wakuu, natafuta frikwensi za resonansi (zile ambazo sauti huvuma yenyewe) za chumba cha kurekodia ngoma hapa Bagamoyo, mita 5 × 4 × 3, kuta ngumu, bila wavu (yaani bila kukigawa chumba vipande vidogo). Natumia njia ya masuluhisho ya msingi: nimepanga vyanzo vya sauti vya kubuni nje ya kuta, kila frikwensi naunda matriksi ya athari zao kwenye pointi za ukutani, naangalia thamani singula yake ndogo kabisa (kipimo cha jinsi matriksi ilivyo karibu na kukosa kinyume) inashuka wapi; bonde ndilo resonansi. Grafu nzima imelala kwenye 10⁻¹⁶, kiwango cha makosa ya kompyuta. Shida nini?

Jibu: Vyanzo viko mbali mno, mkuu, safu wima za matriksi zinakaribia kufanana. Visogeze, ila visibanane na ukuta, usahihi utapotea. Dawa hasa ni ya Betcke na Trefethen (2005): ongeza pointi kama 50 ndani ya chumba, ovyoovyo, fanya QR (kuigawa matriksi ili safu wima ziwe za pembe mraba) ya matriksi nzima, kisha pima thamani singula ndogo kabisa ya sehemu ya kuta ya Q peke yake. Mabonde yatajitokeza.

Jibu: Pointi za ukutani ziwe mara mbili ya vyanzo. Kwenye pembe za chumba usiweke. Pale ukuta hauna uelekeo mmoja.

Jibu: Hakiki kwanza kwa kanuni ya chumba cha mstatili. Kwenye 28 °C sauti huenda kama 348 m/s, kwa hiyo tegemea 34.8, 43.5, 55.7 na 58 Hz. Usipite kwa hatua za 1 Hz, mabonde ni membamba, utayaruka. 0.1 Hz inatosha.

Muuliza: Shukrani wakuu, naanza na QR.