Oili sintetiki ya jina la duka, inafaa gari la familia?

babawawili: Wakuu habari zenu, gari langu linatumia oili ya unene wa 5W-30 sintetiki na hizi oili za majina makubwa bei imepaa kweli, sasa naona supamaketi wana ya kwao yenye jina la duka, bei karibu nusu. Niweke au nitaua injini?

spanamkononi: Weka tu mkuu. Duka halina kiwanda cha oili, wanachanganyiwa na kampuni za mafuta halafu wanabandika lebo yao. Wewe geuza dumu nyuma utafute ile alama ya duara ya API (taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), juu imeandikwa daraja, katikati unene. Ukikuta SP hiyo ilianza 2020, inakinga hadi mnyororo wa taimingi na injini ndogo za tabo. Ukikuta SF au SG rudisha hapo hapo, hayo ni madaraja ya magari ya miaka ya 80 hadi mwanzoni mwa 90.

dada_usukani: Naongezea, fungua kitabu cha gari kwanza. Magari mengine yanadai kibali cha mtengenezaji kama dexos ya GM au VW 504 00 ya Volkswagen, na hapo "inafaa kwa" sio sawa na "imeidhinishwa", wanacheza na maneno hao.

babawawili: Asanteni. Imeandikwa SP. Filta nibakize ya zamani?

spanamkononi: Acha ubahili bwana 😂 badilisha, na ucheki kijiti cha kupimia oili kila wiki.