Oili ya gia boksi ya IST imekuwa nyeusi, nibadilishe au niiache?

Kibuyu_Tupu: Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004 cc 1298, nimechomoa kile kijiti cha kupimia oili ya gia boksi nimekuta imekuwa kahawia kuelekea nyeusi. Gari inatembea vizuri tu. Wengine wananiambia usiguse, ukibadilisha gia boksi inakufa, wengine wanasema mwaga weka mpya. Nifanyeje? Naombeni majibu kabla ya Jumamosi.

Fundi_Kandambili: Rangi peke yake haitoshi mkuu. Endesha kama dakika 20 ipate moto, paki pa tambarare injini ikiwa inawaka, pitisha gia zote taratibu urudi P, chomoa kijiti futa rudisha chomoa tena, usome alama ya HOT siyo COOL. Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Likisambaa kahawia bila uchafu ni uzee tu. Weusi ukiganda katikati na vichenga, na inanuka kuungua, hizo ni klachi pleti zinalika. Ikiwa pinki yenye povu, maji ya rejeta yameingia, hapo usiwashe tena. Yako inanukaje?

Mama_Wawili: Baba watoto alinunua Noah akaambiwa "haijaguswa hii". Kweli haikuguswa, hata oili ya gia boksi hawakuigusa 😂 tulikesha Chalinze na watoto, mmoja ana homa, na yeye yuko bize kuniambia ni fyuzi tu.

Kibuyu_Tupu: Inanuka kidogo.

Fundi_Kandambili: Kidogo ndio nini? Ukitoa R kuweka D inachelewa kushika?

Kibuyu_Tupu: Inachelewa asubuhi tu. Na kupanda Kimara mchana kwenye foleni injini inapiga kelele gari haiendi, ila ikipoa inarudi vizuri kabisa.

Dogo_wa_Tegeta: "Inatembea vizuri tu" 🤣🤣

Babu_Manual: Ndio maana mimi naendesha gari ya klachi hadi leo. Vijana mnapenda raha.

Sina_Mbambamba: Jumamosi kuna nini?

Kibuyu_Tupu: Kuna mteja anakuja kuiangalia. Kabla hamjaanza, anakuja na fundi wake, macho anayo, na bei yangu siyo ya kumuumiza mtu. Mimi mwenyewe niliuziwa hivi hivi sikulalamika. Oili nimeshanunua lita 4, nataka tu kujua nikiweka mpya harufu itaisha?

Ustadh_Kimya: Ndugu yangu, Mtume (s.a.w) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akasema anayetughushi si katika sisi. Yule muuzaji naye chakula chake juu kilikuwa kikavu.

Fundi_Kandambili: Tuache dini, hata kiufundi haikusaidii. Ukifungua nati ya chini unatoa chini ya nusu, nyingine imebaki kwenye torque converter (lile bakuli la oili kati ya injini na gia boksi), akiendesha kidogo tu zinachanganyika rangi inarudi ile ile. Na hayo maneno kwamba oili mpya inaua gia boksi, mara nyingi pleti zilishaisha zamani, ule uchafu ndio ulikuwa unazisaidia kushika.

Kibuyu_Tupu: Sawa, ila fundi wangu kasema hii ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, haina klachi pleti za hivyo.

Sina_Mbambamba: Hapo ndio nimekukamata. IST ya 2004 haina CVT, ile ni otomatiki ya gia nne inatumia oili ya T-IV. CVT ilikuja na IST ya pili, 2007. Mara gari inatembea vizuri, mara haipandi Kimara, mara mteja. Huna gari wewe, unatunga.

Dogo_wa_Tegeta: Uzi wa chai huu, nani ana vitumbua?

Mama_Wawili: Mi namwamini, mwongo angepanga vizuri zaidi.

Kibuyu_Tupu: Nitunge ili nipate nini? Fundi ndiye kasema CVT mimi nimeandika alichosema.

Fundi_Kandambili: Hizo lita 4 kopo limeandikwaje?

Kibuyu_Tupu: CVT Fluid FE.

Fundi_Kandambili: Usiweke humo! Rudisha dukani kesho.

Kibuyu_Tupu: Ya zamani imeshamwagwa mkuu, gari iko juu ya jeki saa hizi na kopo moja fundi kashalifungua.

Sina_Mbambamba: Picha ya jeki.