Rangi kwenye ncha za risasi inachuruzika, naombeni ushauri

Mjazaji_Mpya:
Wakuu, salaam. Najaza risasi mwenyewe nyumbani, kibali ninacho. Kwenye bunduki yangu natumia vichwa vya greni 55 na vya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), na vikishashindiliwa kwenye ganda ni vigumu kuvitofautisha kwa haraka. Nikaamua zile za 77 nizipake nyekundu. Nachovya kwenye rangi ya kucha, nasimamisha kwenye kibao. Nikirudi nakuta ncha karibu iko wazi, rangi yote imeshuka na kuganda kama pete. Uwanjani moja imegoma kuingia vizuri kwenye chemba. Jioni nzima, risasi 50, hakuna mbili zinazofanana. Nakosea wapi?

Baruti Kavu:
Pole mkuu. Unachovya kwa kina mno. Milimita 3 au 4 za ncha zinatosha kabisa. Hiyo pete imekaa pale kichwa kinapoanza kunenepa, na hapo ndipo kinapokaribia mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, ndiyo maana imegoma. Halafu futa ncha kwanza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mafuta ya vidole hayashikani na rangi. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Hutaki kimiminika kifike mdomo wa ganda wala kiwashio.

Fundi Kibati:
Mimi nilihangaika hivyohivyo mpaka nikatoboa kibati. Tundu liwe linapitisha kichwa lakini linazuia mdomo wa ganda. Kiinue juu ya kifuniko kidogo chenye rangi, kisha shusha risasi mpaka iegemee. Kwa kuwa urefu wa risasi zako ni mmoja, zote zitazama sawasawa. Ukiitoa, usiigeuze bado! Gusisha ncha kwenye karatasi ya kunyonya, mara moja tu, lile tone libaki hapo. Ndipo uisimamishe. Tone hilo ndilo linalokuchuruzikia.

Mjazaji_Mpya:
Asante sana mkuu. Je, nikipaka kabla ya kushindilia kichwa? Na nikikausha kwa mashine ya nywele?

Baruti Kavu:
Kabla, hapana. Kifaa cha kushindilia kitaikwangua rangi, itajazana ndani yake na urefu wa risasi utaanza kuyumba. Mashine ya nywele usithubutu, ndani mna baruti. Acha hewa ifanye kazi, dirisha wazi, mpaka kesho yake.

Mama Shabaha:
Mwanangu, na hiyo nyekundu ibadilishe. Katika risasi za kijeshi za NATO, nyekundu ni ya risasi zinazoacha mwanga, nyeusi ni za kutoboa chuma. Kijani nayo watu wanaijua kwa M855, risasi ya jeshi la Marekani. Ukiziacha kwenye meza ya uwanja, mwenzako atazisoma vibaya. Mimi napaka waridi. Na boksi liandike: uzito wa kichwa, aina ya baruti na kipimo chake, tarehe. Rangi ikikwanguka, maandishi yabaki.

Mjazaji_Mpya:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Mrejesho: kibati nimetoboa, nimefanya 20 kwa waridi, mstari umekaa mahali pamoja kwenye zote. Zile za jana nazifuta moja moja kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, ncha ikiwa imeelekea chini. Boksi nimeshaliandika.