Vitu vitatu ndani ya kopo la stoo: kibati chenye waya, kibanio chenye pamba na kifuko cheupe. Ni vya nini?

MwanaPangani

Wakuu, salaam. Stoo ya nyumba ya zamani hapa Pangani inasafishwa, na ndani ya kopo la bati vimekutwa vitu vitatu visivyojulikana na yeyote nyumbani. Vipimo ni vya rula.

1. Ukanda mwembamba wa bati, urefu sm 9, upana mm 7. Ncha moja imekunjwa, na mkunjo umebana waya mwembamba kama unywele uliotokeza mm 5 hivi. Ziko sita, zimefungwa kwa uzi.

2. Kibanio cha chuma chenye springi, sm 10. Kila mkono mwishoni una kikombe cha nusu duara kilichoshindiliwa kitu kama pamba ngumu ya kijivu, kingo zimeungua. Ukiminya kinafunguka. Ukiachia, nusu mbili zinakutana na kubakiza tundu katikati, upana wa kalamu.

3. Kifuko cheupe cha kitambaa chenye matundu kama chandarua, sm 8, ndani ya bahasha isiyo na maandishi. Kiko wazi juu na chini, na kila upande una uzi wa kufungia.

Sumaku inanasa kibanio na vibati. Hakuna nembo wala namba. Ni vifaa vya hospitali?

Daftari

Hicho kibanio kweli kinafanana na koleo la kushikia pamba ya dawa. Lakini koleo la hospitali halina sababu ya kuwa na tundu katikati, wala pamba yake haiungui. Kabla watu hawajakisia zaidi, tueleze: masizi yako upande wa ndani wa tundu au nje? Kopo lina harufu gani? Na tafadhali usivisugue kwanza. Masizi, kutu na alama za kukwaruzika ndizo zinazoonyesha kifaa kilikuwa kinagusa nini.

MwanaPangani

Masizi ni ndani ya tundu zaidi kuliko nje. Kopo linanuka mafuta ya taa kwa mbali.

Fundi_Karabai

Basi jibu limepatikana. Vyote ni vya moto wa mafuta ya taa yenye presha, ila si vya chombo kimoja.

Vibati ni sindano za kuzibulia nozeli ya jiko la kupampu, aina ya Primus, jiko lililobuniwa Stockholm na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892. Jiko hili halina utambi. Pampu inasukuma mafuta kwenye mirija iliyopashwa moto, yanageuka mvuke, na mvuke unatoka kwa kasi kwenye tundu la nozeli ambalo ni dogo kuliko nusu milimita. Mafuta yakiungulia ndani ya mirija yanaacha kaboni, na chembe moja tu inatosha kuziba tundu. Ndipo sindano inapohitajika.

Namna ya kuitumia: zima jiko, fungua skrubu ya hewa presha iishe, kisha ingiza waya kutoka juu, wima kabisa, mara mbili tatu. Usiuzungushe. Nozeli ni ya shaba laini na waya ni wa chuma, kwa hiyo ukizungusha unapanua tundu. Tundu likipanuka, mvuke unaotoka ni mwingi kuliko hewa inayochanganyika nao, moto unageuka wa njano na sufuria inapakwa masizi. Hapo hakuna ufundi, ni kubadilisha nozeli. Waya ukikatikia ndani, usiuchokoe kwa juu. Ifungue nozeli kwa ufunguo wake mrefu, usukume kipande kutokea chini.

Kuna atakayesema sindano ni za karabai, yaani taa ya mafuta ya taa yenye presha. Siafiki. Karabai ya Petromax ina sindano yake ndani, unaizungusha kwa gurudumu la pembeni. Karabai ya Tilley nayo ina ya ndani. Sindano ya mkononi ni ya jiko.

Kifuko sasa. Huo ni utambi wa karabai, ile sehemu inayotoa mwanga. Tazama midomo: Petromax hutumia kifuko chenye mdomo mmoja, kinaning'inia kama soksi. Chako kina midomo miwili kwa sababu bomba la mvuke linapita katikati ya kifuko na lazima kifungwe juu na chini. Hiyo ni Tilley, taa ya Uingereza.

Mtundu_wa_Shaba

Naunga mkono, na kibanio kinathibitisha. Hicho ni kiwashio cha Tilley. Kazi yake ni kulipasha moto bomba la mvuke kabla ya kupampu. Unakichovya kwenye chupa ya spiriti ya bluu hadi kiloe, unakibana kwenye bomba chini ya utambi, unaziba chupa ya spiriti na kuiweka mbali, ndipo unakiwasha. Kiache kiwake hadi kinakaribia kufa, kisha pampu. Tundu lile la upana wa kalamu ni kipenyo cha bomba, ndiyo maana masizi yamejaa ndani.

Hatua hii ikirukwa, mafuta yanatoka yakiwa maji badala ya mvuke, na taa inatoa ndimi za moto wa njano hadi juu ya kofia. Moto wa aina hiyo hauzimwi kwa kupuliza. Legeza tundu la hewa presha itoke.

Tahadhari ninayoisisitiza: ile “pamba ngumu” kwenye viwashio vya zamani mara nyingi ni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiinyofoe, usiipulize, wala usijaribu kuichoma uone kama inaungua. Ilowanishe kwa maji, funga kibanio kizima kwenye mifuko miwili ya plastiki, kiweke mbali na watoto. Hakuna haja ya kujua kwa uhakika. Ichukulie kuwa ni asbesto.

Daftari

Niongeze juu ya kifuko, maana nacho si cha kuchezea. Carl Auer von Welsbach wa Austria ndiye aliyepata mchanganyiko uliofanikiwa, mwaka 1891: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Kitambaa huloweshwa chumvi za madini hayo. Ukikiwasha mara ya kwanza uzi wote unaungua, kinabaki kiunzi cha majivu meupe, na majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Thoriamu ina mnururisho, yaani inatoa mionzi. Kifuko kikiwa kizima ndani ya bahasha hatari ni ndogo. Hatari ni vumbi lake kuvutwa puani au kumezwa. Kwa hiyo usikichome chumbani kwa kujaribu, na ukikishika nawa mikono. Vya siku hizi vingi vimeacha thoriamu na kutumia itriamu, lakini cha kopo la zamani kihesabu kuwa cha thoriamu.

MwanaPangani

Nawashukuru sana. Kwenye stoo hiyo hiyo ipo taa ya shaba isiyo na kioo, pampu yake imo ndani ya tangi. Inaweza kuwaka tena?

Fundi_Karabai

Huenda. Ila usianze na moto, anza na tangi. Likiwa tupu na kavu, funga bomba la mvuke, pampu mara 20, kisha lizamishe kwenye beseni la maji. Mapovu kwenye kiungo cha bomba au shingo ya pampu ni washa (kile kipete cha kuzuia kuvuja) iliyokufa, hiyo inabadilishwa. Mapovu kwenye mshono wa tangi lenyewe au kwenye ufa, usiiwashe kamwe. Iwe pambo.

Pampu ikikosa ukinzani, chomoa fimbo uangalie washa ya mwisho, yenye umbo la kikombe. Ikiwa ya ngozi iliyokauka, iloweke mafuta ya cherehani usiku kucha, kisha panua kingo zake kwa vidole. Mdomo wa kikombe uangalie chini, upande wa tangi. Ukigeuzwa haisukumi kitu. Mpini ukipanda wenyewe baada ya kupampu, au mafuta yakipanda kwenye pampu, tatizo si ngozi, ni vali ya chini.

Mafuta ni ya taa pekee, yaliyochujwa kwa kitambaa safi, tangi lisizidi robo tatu ili hewa ipate nafasi. Petroli hapana, hata tone. Utambi mpya tafuta wenye midomo miwili, alama yake ni 164X. Kioo kinunue kabla ya kuwasha: utambi ukitoboka, mvuke unaowaka unapiga kioo sehemu moja hadi kinapasuka, kwa hiyo kila ukiona tundu kwenye utambi zima taa hapo hapo, ubadilishe.

Tupia picha ya sehemu ya chini ya tangi. Mhuri wa kiwanda huwa hapo, chini ya uchafu. Tumia kitambaa chenye mafuta ya taa, si msasa.