Tupeane uzoefu: umeirudia One Piece, ni wapi pamekushika safari hii?

Mwenye mada, Tudor

Salaam kwenu nyote. Nimeianza One Piece, ile katuni ya Kijapani ya maharamia aliyoichora Oda, upya tangu sura ya kwanza, ile iliyotoka Julai 1997 katika Weekly Shonen Jump, na jana usiku nimemaliza juzuu ya 12. Nataka tupeane uzoefu. Nani ameirudia, na ni pahali gani alipopita mbio zamani, safari hii pakamshika mguu? Ombi moja tu: ukitaka kufichua jambo la mbele, taja juzuu au sura kwanza. Humu mna watu waliovutwa na ile tamthilia ya Netflix ya 2023 na bado wako safarini.

Naanza mimi. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, kiti kimoja, kwenye saiba moja hapa Tudor, Mombasa, shilingi kwa dakika. Ukurasa ulikuwa ukishuka kama pazia: nywele za Zoro, yule mwenye panga, kisha macho, kisha dakika zimekwisha. Kwa hivyo maneno tulikuwa tukiyaruka, tunakimbilia panga. Nyangumi Laboon tulimpita hivyo hivyo. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba Luffy, yule nahodha kijana, aling'oa mlingoti wa meli yake mwenyewe akamdunga nao.

Safari hii nimesoma polepole, kibarazani, baada ya isha. Laboon aliachwa pale mlangoni mwa Grand Line, ile bahari ya hatari wanayoisafiri, na maharamia aliowapenda, wakamwahidi kwamba wakishaizunguka dunia watamrudia. Miaka 50 anajigonga kichwa kwenye ule ukuta wa mwamba akiwaita, na mzee Crocus, mtunza mnara wa taa, anamtibu kwa kuingia mwilini mwake. Luffy hampi pole hata moja. Anapigana naye, halafu anamwambia pigano hili halijaisha, nitarudi tulimalize. Kisha anamchorea alama ya kofia pale pale kwenye kovu, na kumkataza asijigonge asije akaifuta. Mchoro wenyewe ni wa kitoto kabisa. Nimeutazama kwa muda mrefu.

(Juzuu ya 50 hapa.) Kutoka kwa nyangumi huyo mpaka Brook, mmoja wa wale maharamia waliomwacha, apate habari kwamba angali hai na angali anangoja, ni karibu sura 400. Zamani nilidhani Laboon ni kituo cha njiani tu.

Rafiki yangu yule yuko Doha, mwaka wa sita huu. Tuliahidiana sura ya mwisho tutaisoma kiti kimoja. Haya, nani anafuata?

Kutoka Likoni

Mimi ni mtoto wa fundi wa mashua. Babangu ametengeneza vyombo tangu ujana wake, na mimi nimekua nikipitisha pamba na mafuta ya sifa, nikimshikia taa akikalafati usiku ili chombo kiwahi maji. Kwa hivyo ya Going Merry, meli ya kwanza ya kina Luffy, kwangu si hadithi ya meli inayosema.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa upande wa Usopp, baharia wa Luffy, moja kwa moja. Meli ile walipewa na Kaya kijijini kwa Usopp, yeye ndiye aliyekuwa akiipigilia mbao kila ikiumia, sasa Luffy anasema wanaiacha Water 7, mji wa mafundi wa meli? Nilimchukia Luffy wiki nzima. Nilikuwa na miaka 15 na niliona ni usaliti tu.

Mwaka jana nimerudia, na safari hii nilikuwa nyumbani, mguu umevunjika kwa boda, nasoma huku babangu ameketi kando anatengeneza kasia. Akaniuliza mbona uso umekunjamana hivyo. Nikamweleza. Nikampa simu, nikamwonyesha ile picha ambapo fundi Kaku ameikagua Merry na kurudi na jibu kwamba mkuku umeharibika na hautengenezeki. Mzee akavaa miwani. Kiingereza hasomi sana, lakini picha ya chombo anaisoma kuliko mimi. Alipitisha kidole chini ya tumbo la meli, kutoka omo mpaka tezi, akasema: "Yule fundi amesema kweli. Mkuku ukivundika huna chombo, una kuni."

Halafu akanyamaza kidogo, akasema kitu ambacho sikukijua. Kwamba mashua ya kwanza aliyoijenga na babake, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika shoka siku ya kuivunja. Hakuwahi kututajia sisi watoto. Nilimwonyesha sura ya 430, Merry inateketea, moto juu ya maji, mabaharia wake wanaitazama. Aliitazama, akanirudishia simu, akaendelea na kasia lake.

Usopp bado nampenda. Lakini sasa naona Luffy alikuwa amebeba nini siku ile.

Kutoka Mji wa Kale

Langu si la sura maalumu, ni la mkono. Wenzangu wengi darasani walikuwa wakilalamika kwamba kitabu kimeanzia nyuma, eti unafungua kulia na visanduku vinakwenda kulia kushoto. Sisi tuliotoka chuo cha Kurani hatukuona ajabu yoyote. Simaanishi kulinganisha kitabu cha picha na msahafu, hasha. Ninasema jicho lilikuwa limeshazoea kuanzia upande ule tangu tukiwa na miaka minne mitano, alif be te. Nilikuwa mdhaifu wa Kiingereza, lakini kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza wenye alama nzuri: anza juu kulia, shuka, kisha ruka hapa.

Kwa kurudia, nimegundua Oda anautumia upande. Watu wanaokwenda safari mara nyingi wanaelekea kushoto, kule ukurasa unakokwenda. Mtazameni Luffy anapokimbia. Huo ni uoni wangu mimi, lakini hebu kagueni juzuu mlizonazo.

Kutoka Changamwe

Mimi sijairudia. Nimekwama sura ya 574, kifo cha Ace, kakake Luffy. Nikifika jirani na pale moyo unakataa, nafunga. Wacha nisome yenu.

Kutoka Bamburi

Dada zenu pia tupo. Mimi ni kifungua mimba, na langu ni la Nami, binti wa kundi la Luffy, juzuu ya 9.

Zamani nililia pale Nami anapojichoma mkono kwa kisu na kumwambia Luffy amsaidie, na Luffy anamvalisha kofia kichwani bila neno. Kila mtu analia pale. Lakini safari hii machozi yalinitoka mapema zaidi, kwenye hesabu. Arlong, haramia aliyekiteka kijiji, ametangaza kodi: beri (pesa za humo) 100,000 kwa mtu mzima, 50,000 kwa mtoto. Bellemere, mama aliyemlea Nami na dadake, ana pesa za mtu mzima mmoja tu. Watu wa kijiji wanataka kumsaidia, wanajaribu kuwaficha wasichana, kwa sababu hao watoto si wa kuwazaa na hakuna karatasi inayosema ni wake. Angekaa kimya tu, angeishi. Yeye anasema pesa hizo ni za binti zangu wawili.

Nilipokuwa mdogo nilifikiri alikufa kwa kukosa pesa. Hakukosa. Alikuwa nazo mkononi, akachagua azihesabu kwa jina la nani.

Mamangu alinilea mimi na mtoto wa marehemu dada yake. Kuna muhula shule ilitaka karo ya mmoja kabla ya Jumatatu la sivyo arudishwe nyumbani, na mamangu alipoulizwa ofisini mbele yetu ana watoto wangapi hapo, alisema wawili. Tukarudishwa wote wawili. Nilimkasirikia njia nzima mpaka nyumbani, tumetembea kwa miguu. Dadangu yule sasa ni mwalimu. Nimempelekea hizo kurasa na hatujazungumza juu yake, ameniandikia tu "nimeona".

Kutoka Mikindani

Naomba tujadili sura ya 1044, walio nyuma warukeni. Tangu lile tunda lililomfanya Luffy awe mpira lipewe jina lake la kweli, nimerudi sura ya kwanza mara tatu. Mtazameni Shanks, haramia aliyekuwa nalo, Luffy alipolila. Zamani niliona ni mzaha wa mtoto mlafi aliyekula akiba ya watu. Sasa naona ule mshtuko usoni, na namna anavyomning'iniza yule mtoto kichwa chini alitapike.

Lakini nasema wazi: mimi nilimpenda zaidi Luffy wa mpira mtupu. Kijana aliyepata tunda dhaifu akalifanya silaha kwa akili na mazoezi. Nilikuwa nikijifananisha naye.

Mwenye mada, Tudor

Nakuelewa wa Mikindani, lakini mpira ule ule ndio aliofanyia kazi sura elfu moja. Jina jipya halikumpa siku hata moja ya mazoezi yale. Tusikubaliane, endelea kushuka na sisi.

Kutoka Kisauni

Babangu ni baharia wa meli za mizigo, sasa amestaafu. Miaka ile ya 2009, 2010, neno haramia nyumbani kwetu lilikuwa halitamkwi. Meli zilikuwa zikitekwa Ghuba ya Aden na mbali zaidi huku baharini, washukiwa wanaletwa kushtakiwa hapa hapa Mombasa na kuwekwa Shimo la Tewa, na mamangu kila taarifa ya habari ameshika tasbihi. Mimi chumbani nasoma mtoto anayetaka kuwa Mfalme wa Maharamia. Nilikuwa nikiificha chini ya godoro kama kitu cha aibu.

Alipostaafu nilimwambia. Akaniuliza swali moja: "Hao wako wanamteka nani?" Nikakosa jibu la haraka. Ikabidi nirudie kitabu kwa ajili yake, nikitafuta. Nikamletea ya Baratie, ule mkahawa wa baharini, juzuu ya 5 mpaka ya 7. Mpishi Sanji anampikia Gin, adui, mtu asiye na senti, kwa sababu ana njaa tu. Na kisa cha nyuma, Zeff, mwenye mkahawa, na Sanji mdogo juu ya mwamba, Zeff amempa mtoto chakula chote na yeye akaula mguu wake mwenyewe.

Mzee alikisoma kisa kile jioni moja, nikamtafsiria pale alipokwama. Akaniambia kwamba kuna meli aliyofanyia kazi, mwenye meli alishindwa kulipa madeni, wakaachwa nangani miezi bila mshahara wala ruhusa ya kushuka. Mpishi wao alikuwa Mfilipino. Kila siku alikuwa akiwapakulia wote, yeye anasema ameshakula jikoni. Wakaja kugundua hali kitu zaidi ya maji ya wali. Babangu alimtaja kwa jina, na sauti ikamkatika.

Tangu siku hiyo anamwita Sanji "mpishi wetu". Luffy bado hajamkubali kabisa. Anasema kijana hajui hata kushika usukani.

Kutoka Doha

Mimi ndiye wa kiti kimoja. Kwanza masahihisho: saiba haikuwa Tudor, ilikuwa Makadara, na mwenye kulipa alikuwa mimi kila Ijumaa. Pili, huku nafanya zamu ya usiku, nimeianza upya jana. Niko sura ya 41, Usopp anaagana na wadogo wake watatu. Usiende mbele ya juzuu ya 12 mpaka nikufikie.

Kutoka Kisauni, tena (dada mwingine)

Fupi. Nyanyangu anasuka ukili mpaka leo, miyaa inatandazwa barazani, kidole gumba kimekuwa kigumu kama pembe. Nilimwonyesha kofia ya Luffy nikamwomba anishonee. Akavuta picha, akauliza ukili wa njia ngapi. Sikujua! Akaihesabu mwenyewe mizunguko, akatoa shazia, siku nne kofia ikawa tayari, utepe mwekundu nilinunua mimi Marikiti.

Kwa kurudia, nimeona Nami anavyoishona ile kofia baada ya haramia Buggy kuitoboa. Nyanya ameitazama, akasema yule binti ana mkono mzuri lakini uzi peke yake hautoshi, ilifaa afumue mzunguko mzima aanze upya. Nimeivaa feri mara mbili. Kijana mmoja aliniita "nahodha", nikajua ni mwenzetu.

Kutoka Bamburi

Wa Likoni, naomba uniulizie kwa mzee. Mkuku si mbao tu? Kwa nini mafundi wa Water 7 hawakuutoa wakatia mwingine? Hili limenisumbua tangu niliposoma yako.

Kutoka Likoni

Nimemuuliza leo baada ya magharibi. Amesema kutiwa waweza kutiwa. Lakini mkuku ndio wa kwanza kulazwa chini, na kila mbao inapimwa kutokana nao. Ukiutoa itabidi ufungue vyote, na ukishavifunga tena umeunda chombo kingine, kilichobaki ni jina. Nikamwambia ndivyo wanavyoeleza kitabuni pia, hakuna meli mbili zinazotoka sawasawa. Akatikisa kichwa, akaniuliza huyo aliyeandika babake alikuwa fundi?

Kisha akataka kujua meli mpya wameiundia mti gani. Nikamwambia mti unaitwa Adamu, wa thamani kubwa, fundi Franky aliununua kwa beri milioni 200. Akauliza ni mgumu kama mbambakofi au ni mwepesi kama mvule. Sikuweza kumjibu. Amesema nimletee picha autazame mkuku kwanza, na isiwe ya simu, ya simu inamtoa machozi. Mwenye juzuu ya 45 ya karatasi, hata kuukuu, nitakuja kuichukua popote ng'ambo hii au ile.