Mrejesho: mdogo wangu aliyekamatwa na kete za bangi, Wete

Assalaam alaykum. Niliuliza mdogo wangu ana haki gani baada ya kukamatwa na kete na kuharakishwa asaini karatasi. Ahsanteni nyote, wakili amethibitisha mengi mliyosema.

Kubwa ni hati ya upekuzi, yaani karatasi inayoorodhesha vilivyokamatwa. Isisainiwe ikiwa tupu wala kabla ya kusomwa. Iwe na tarehe, saa, pahala, idadi ya kete na jina la shahidi asiye askari, aghalabu sheha au jirani. Kete zihesabiwe na zifungwe lakiri mbele ya mtuhumiwa. Kisha fuatilieni mkono kwa mkono: nani alikamata, nani alitunza kituoni, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hati ikisema kete 12 na maabara ikapokea 15, wakili ana la kuuliza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshafuta hukumu kwa sababu mnyororo huo wa makabidhiano ulikatika. Lakini hoja haijileti yenyewe. Aulizwe shahidi akiwa bado kizimbani.

Kituoni ana haki ya kunyamaza. Mahakamani, kujibu "ni kweli" shtaka linaposomwa ndiko kunakowamaliza vijana wetu, na kunaniuma sana: ukishakiri, rufaa hubaki zaidi kwenye adhabu tu.

Asiye na fedha aombe msaada wa kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake. Nakala ya hati ya mashtaka tumeshaiomba, sasa tunasubiri ripoti ya maabara.